Mhariri, picha za mama zetu zisife bila majina

Ndugu Mhariri,

Salaam kwako na kwa wote mnaotuandalia gazeti. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi na kurasa ninazoanza nazo ni zile za tanzia na kumbukumbu, najua kuna watu wanazikwepa lakini mi nazisoma zote jina kwa jina, hata za watu nisiowajua. Na kuna kitu kimoja kinanikera moyoni tangu mama yangu atangulie mbele za haki, nikaona bora nikuandikie. Ziangalie zile picha, hasa za akina mama. Nyingi ni paspoti saizi ya kitambulisho, au imekatwa kutoka kwenye picha ya shughuli mpaka unaona bega la mtu mwingine pembeni, uso umekakamaa, macho yametoka kwa ajili ya flashi. Chini yake jina, mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kufa, ameacha watoto kadhaa na wajukuu kadhaa, basi. Mwanamke ameishi miaka 70 na ushee, amependa, amefanya kazi, amekuwa na mashoga zake, amecheka mpaka kushika mbavu, alafu tunamuaga kwa picha aliyopigwa siku alipopanga foleni ya kitambulisho.

Familia siwalaumu kabisa. Msiba ukiingia nani ana akili ya kukaa chini apekue albamu, unachukua iliyo karibu. Ninachosema ni kwamba ile kazi ya kupekua ni kazi ya kufanya mapema, mzee akiwa hai, na kama keshaondoka basi ifanyike wakati wale aliokua nao bado wapo. Manake picha yenyewe haisemi. Anayesema ni yule anayeijua, na yule anayeijua anazeeka.

Baada ya mama kuondoka mi na ndugu zangu tulikusanya picha zote, albamu, bahasha, boksi la viatu lililokuwa juu ya kabati, nyingine zilikuwa ndani ya vitabu vyake, tukazimwaga kitandani na mama mdogo tukamketisha katikati. Yeye ndiye pekee aliyebaki katika ndugu wa tumbo moja na mama. Nilidhani tutamaliza mchana ule ule. Hatukumaliza, na sikutaka tumalize, kwa sababu kila picha aliyoishika mama mdogo ilikuwa inamtoa mama yangu mwingine ambaye sikuwahi kukutana naye.

Kuna moja ndogo isiyozidi kiganja, nyeusi na nyeupe, kingo zake zimekatwa mawimbi mawimbi zilivyokuwa zinakatwa picha nyingi za enzi zile. Mama yuko studio, nyuma yake pazia lililochorwa ngazi na nguzo za jumba kubwa, kasimama wima, mkono mmoja kaushika mgongo wa kiti na ule wa pili kaukunja mbele ya tumbo, na mkono wa gauni kaupandisha kidogo makusudi ili saa ionekane. Picha hii tumekua nayo, ilikuwa ukutani, na sote tuliamini mama alikuwa na saa yake tangu usichana. Sasa tulipozipanga zote pamoja ikatokea nyingine ya saizi ile ile, pazia lile lile, kiti kile kile, binti mwingine, na saa ile ile mkononi kwake. Mama mdogo alicheka mpaka akakohoa. Akaniambia, "Mwanangu, hiyo saa haikuwa ya mama yako wala ya huyo shoga yake, ilikuwa ya mpigapicha, ilikaa kwenye droo pamoja na mkoba na miwani, unavaa unapigwa ukimaliza unarudisha." Alafu akalitaja jina la yule binti, akatuambia walivyokuwa wanalala chumba kimoja, walivyokuwa wakibadilishana magauni, walivyoweka akiba wakaenda studio siku moja ili kila mmoja abaki na picha ya mwenzie. Kumbe picha ile ya pili haikuja kwetu kwa bahati, mama alipewa, akaitunza maisha yake yote. Na jina lile mi sikuwahi kulisikia nyumbani. Urafiki mzima, miaka na miaka, ulikuwa umelala ndani ya boksi la viatu na mtu mmoja tu duniani ndiye aliyekuwa na ufunguo wake.

Wajukuu walipoiona wakauliza bibi alikuwa amekasirika nini. Hilo swali watoto wengi wanauliza kuhusu picha za zamani na linastahili jibu. Zamani sana kabisa, Mfaransa Louis Daguerre alipoitangaza njia yake ya kupiga picha mwaka 1839, mtu alitakiwa akae bila kutikisika kwa dakika kadhaa la sivyo sura inatoka ukungu, mpaka walikuwa wanatumia vyuma vya kushikilia kichwa kwa nyuma, na hakuna anayeweza kutabasamu muda wote huo. Wakati wa mama kamera zilikuwa zinamaliza kazi kufumba na kufumbua, ila ule uzito wa kusimama mbele ya kamera ulikuwa bado upo. Kupigwa picha ilikuwa jambo. Unajiandaa, unapiga pasi, unasuka, unakwenda ukijua hii ndiyo sura yangu watakayoiona wasionijua. Kwa hiyo niliwaambia wanangu bibi hakukasirika, bibi alikuwa anajiheshimu.

Sasa ipo nyingine ambayo mwanzo iliniuma kuitazama. Ni ya kundi, wasichana wamesimama mistari miwili nje ya jengo, wote wamevaa sare, na katika mstari wa nyuma kuna tundu. Mtu mmoja amekatwa uso, tundu la mraba safi kabisa lililokatwa kwa wembe, mwili upo kichwa hakuna. Dada yangu akasema labda ni ugomvi, mtu alimkata aliyemchukia. Mama mdogo akaichukua akaisogeza dirishani, akaangalia chini ya lile tundu, mikono, akasema huyu ni mama yenu. Akatuonyesha: vidole vinne vimekunjwa na dole gumba liko ndani. Mhariri, hivyo ndivyo mama alivyokuwa anakunja mkono akiwa na wasiwasi, mpaka uzeeni, mpaka kitandani alipokuwa anaumwa, sote pale tunaujua ule mkono. Alijikata mwenyewe. Ilitakiwa picha ya kubandika kwenye fomu ya kuombea kazi na hela ya kwenda kupiga nyingine hakuwa nayo, akachukua wembe akatoa uso wake kwenye picha pekee aliyokuwa nayo na wenzake wa mafunzo. Akapata kazi, alikuwa mpiga chapa wa taipureta, tena kwa kasi ya ajabu anavyosema mama mdogo, na mshahara wake ndio uliomsomesha huyo mama mdogo mwenyewe. Sisi tulimjua mama akiwa nyumbani na sisi tu. Hakuna aliyetuambia kwamba kabla hatujazaliwa kulikuwa na mtu mwingine amesoma kwa vidole vyake.

Hapo nikaelewa kwamba ile picha yenye tundu ndiyo ya thamani kuliko zote, na ndiyo ambayo mtu angeitupa wa kwanza.

Niwaombe wasomaji wenzangu msiharakishe kutupa zilizoharibika. Kabla ya simu hizi mkanda ulikuwa na picha 36, sa ingine 24, sa ingine 12 tu, na ulikuwa unakaa ndani ya kamera miezi mpaka uishe ndipo upelekwe kusafishwa, kwa hiyo hakukuwa na kufuta. Iliyotoka vibaya ilitoka na ulilipia, ukaiweka. Matokeo yake ni kwamba albamu za zamani zina vitu ambavyo albamu za sasa hazina, mtu kafumba macho, mtu kageuka, mtoto analia, nyuma kabisa ndoo imepinduka. Katika za kwetu kuna moja mama kafumba macho, mdomo wazi, kichwa kakirusha nyuma, nywele zimefumuka upande mmoja, anacheka kitu ambacho hakionekani. Leo ingefutwa palepale kabla hata hajaiona. Mi nikiitazama naisikia sauti yake, na hakuna picha nyingine yoyote, hata zile nzuri za studio, inayonisikilizisha.

Lingine ambalo nataka watu waliangalie ni pale ambapo mama hayupo. Kuna miaka mingi albamu yetu imejaa sisi, baba, wageni, mbwa wa jirani, na mama haonekani kabisa utadhani alisafiri. Mdogo wangu alisikitika, akasema mbona mama tulimsahau. Alafu nikaona kitu chini ya picha moja, pale mbele ya miguu yetu, kivuli. Kivuli kirefu cha mtu aliyeinama kidogo, viwiko vimetoka nje, gauni pana. Zamani watu walifundishwa wakipiga picha jua liwe mgongoni kwao ili wanaopigwa wawe na mwanga, na jioni jua likishuka kivuli cha mpigaji kinaingia ndani ya fremu. Tukaanza kutafuta, tukakipata kwenye nyingine, na nyingine tena. Mama yupo kwenye picha zote zile, yeye ndiye aliyekuwa ameshika kamera. Na ukijua hivyo unaziangalia upya kabisa, kwa sababu sasa unajua tulikuwa tunamwangalia nani, yale macho ya watoto wadogo wote yanayong'aa kuelekea mbele yalikuwa yanamwangalia yeye. Hiyo ni picha ya mama pia. Ni picha ya kile alichokuwa anakiona.

Kwa hiyo ukipekua za kwenu usiulize tu nani yupo hapa. Uliza nani alipiga.

Na namna ya kuuliza ina maana kubwa, hili nimelijifunza kwa mama mdogo. Ukimwonyesha mzee picha ukamuuliza huyu nani, akisahau jina anaona aibu, ananyamaza, na ukirudia mara mbili tatu atasema amechoka. Ila ukimuuliza hapa mlikuwa mnatoka wapi, au hili gauni alishona nani, au mbona huyu kakaa mbali na wenzie, anaanza kusimulia na majina yanakuja yenyewe katikati ya stori. Muwe na subira. Msikae naye kutwa nzima, muda mfupi unatosha kisha siku nyingine tena. Simu iwekeni mezani irekodi sauti, msimwelekezee usoni, na kila mnapohamia picha nyingine mtu aseme kwa sauti namba ya picha ambayo mmeiandika kwenye karatasi, manake baadaye mtasikia "huyu hapa pembeni" na hamtajua pembeni ya nini. Wazee wawili wakibishana kuhusu jina au mwaka, andika yote mawili na andika nani kasema lipi. Kama mzee anaanza kupoteza kumbukumbu ndio kabisa muwahi, na msishangae, mtu anaweza asikumbuke alichokula asubuhi akakutajia majina ya darasa zima la utotoni.

Kuna nyingine mama mdogo aliiweka kando kimya akasema hii sio leo. Hatukumlazimisha. Mama alikuwa na maisha yake na si kila kitu ni cha watoto kujua, nadhani na hilo ni sehemu ya kumheshimu.

Nikija kwenye utunzaji, hapa nitasema kwa urefu kwa sababu nimeona picha nyingi zikiuawa na watu wanaozipenda. Majina nyuma ya picha yaandikwe kwa penseli laini, taratibu, pembeni, picha ikiwa imelala juu ya kitu kigumu kisafi. Kalamu ya wino inachimba mpaka mbele unaona alama, na wino unahamia kwenye picha iliyowekwa juu yake. Zile za miaka ya karibuni ambazo mgongo wake ni wa plastiki penseli haishiki, basi kila moja ipewe bahasha yake ya karatasi na uandike kwenye bahasha kabla hujaitia picha ndani. Gundi, selotepu, pini, mpira wa kufungia, vyote hivyo hapana. Zile albamu zenye kurasa za kunata na plastiki juu, ambazo karibu kila nyumba ilikuwa nazo, ndizo mbaya kuliko zote, ile gundi inageuka njano na kula picha kwa nyuma. Lakini usizing'oe kwa nguvu! Kwanza piga picha ukurasa mzima ulivyo, kwa sababu mpangilio ule na maandishi yake ni ya mama, alafu pitisha uzi wa kusafishia meno taratibu chini ya picha, ikigoma iache ilivyo. Na picha ya kwenye fremu iliyogandana na kioo usiivute hata kidogo, uso wa picha ni jelatini, ikipata unyevu inashikana na kioo na ukivuta sura ya mtu inabaki kwenye kioo. Hiyo inapigwa hapo hapo juu ya kioo.

Za rangi zina ugonjwa wao. Tunayo moja mama kasimama na baba, yote imekuwa nyekundu, ngozi nyekundu, ukuta mwekundu, gauni lenyewe linaonekana la damu ya mzee. Sababu ni kwamba picha ya rangi imetengenezwa kwa rangi tatu zilizopangwa tabaka tabaka, sayani (bluu ya kijani), majenta (wekundu wa zambarau) na njano, na kwenye karatasi nyingi za miaka ya 1960 na 1970 ile sayani ndiyo inayokufa mapema, hata picha ikiwa imefungiwa gizani ndani ya albamu, kinachobaki ni wekundu. Nyeusi na nyeupe za kabla ya hapo zinadumu zaidi kwa sababu sura yake ni chembechembe za madini ya fedha na sio rangi ya kupauka hivyo. Ndio maana mama yangu wa usichana anaonekana vizuri kuliko mama yangu aliyenilea. Kama negativu zake zipo msizitupe, zile vipande vya kahawia vya plastiki ambavyo watu wanadhani takataka, mara nyingi rangi ndani yake imebaki nzuri kuliko kwenye picha yenyewe, na mwenye skana ya negativu anaweza kuitoa tena.

Mpwa wangu akaichukua ile nyekundu akaipitisha kwenye programu ya akili bandia, ikarudi nzuri sana, ngozi imekaa, ukuta mweupe, na gauni la bluu. Tukafurahi. Mama mdogo akatikisa kichwa akasema gauni lile lilikuwa kijani, kijani cha majani mabichi, yeye ndiye aliyelikata na mama akalishona kwa mkono. Programu haikujua, ilikisia. Sikatazi watu kuzitumia, najua zinafariji, ila picha iliyokisiwa iandikwe kwamba imekisiwa na ile ya asili ibaki peke yake bila kuguswa, la sivyo baada ya miaka wajukuu watakuwa wanaapa bibi alipenda bluu.

Kwenye kuskani, nukta 600 kwa inchi inafaa kwa picha za kawaida. Picha ya sentimita 9 kwa 13 ukiiskani hivyo inakupa kama nukta 2,100 kwa 3,000, inatosha kuichapa kubwa na bado ukaona saa mkononi. Kama huna skana simu inatosha, zima flashi, ilaze picha karibu na dirisha ambapo jua haliingii moja kwa moja, simu iwe sambamba na picha juu yake. Ukiwatumia ndugu kwenye makundi ya simu tuma kama faili la dokumenti, ukituma kama picha ya kawaida inabanwa, inapungua, na kila anayeipokea akiituma tena kwa mtindo huo inazidi kupungua mpaka uso unabaki ukungu. Alafu nakala zikae zaidi ya sehemu moja na kwa zaidi ya mtu mmoja. Hili la mtu mmoja nalisisitiza kwa sababu kila ukoo una yule anayeitwa mtunza picha, na nyumba yake ikipata moto au maji basi ukoo mzima umepoteza.

Na zikilowa msikate tamaa. Baada ya tsunami ya tarehe 11 Machi 2011 huko Japani watu wa kujitolea waliokota picha za familia ndani ya matope, wakaziosha moja moja kwa maji safi, wakazianika, wakazipanga ili wenyewe waje kuzitafuta. Kuna watu nyumba imekwenda, kila kitu kimekwenda, wakapata uso wa mama yao. Kinachoua picha iliyolowa ni kuiacha ikauke imegandana na wenzake, kwa hiyo zitenganishwe zikiwa bado mbichi, zisuuzwe taratibu bila kusugua, zilazwe uso juu kivulini.

Sasa nimwambie kijana anayesoma hii akidhani picha za mama yake ziko salama kwa kuwa ziko kwenye simu. Katika zetu pengo kubwa kuliko yote sio la zamani. Ni la ile miaka ya mwanzo ya simu zenye kamera, tulimpiga mama picha nyingi tukijua tunazo, simu zikaibiwa, zikaanguka, zikafa chaji hazikuwaka tena, hakuna aliyechapisha hata moja. Usichana wake upo, uzee wake upo, pale katikati hamna kitu. Chapeni chache. Chagueni za maisha ya kawaida pia, mama akiwa na kazi zake, akiwa amekaa tu anasoma, mikono yake, miwani yake mezani, sio shughuli peke yake.

Ombi langu kwako Mhariri ni hili. Kwenye ukurasa wa kumbukumbu ongezeni nafasi, hata mara moja kwa wiki, ambapo familia inaruhusiwa kuleta picha ya zamani ya marehemu badala ya paspoti saizi, pamoja na mistari michache inayoeleza ni nani mwingine yupo, nani alipiga, na mama huyo alikuwa nani kabla hajawa mama wa mtu. Najua nafasi ya gazeti ni hela na watu wanalipia kwa sentimita, siombi bure kwa wote, naomba muipe heshima ya ukurasa. Mtashangaa watu wangapi watafungua maboksi yao kwa sababu tu wamesikia kuna sehemu ya kupeleka.

Mi naanza. Pamoja na barua hii nimeambatanisha ile ya kundi yenye tundu, nimeituma kama dokumenti ili isibanwe. Majina ya wasichana wote ambao mama mdogo aliwakumbuka nimeyaandika kwa mpangilio, mstari wa mbele kisha wa nyuma. Wa tatu kutoka kushoto, mstari wa mbele, mwenye kitambaa kichwani na kitabu mkononi, hatujui ni nani, na mama mdogo anasema huyo ndiye aliyemfundisha mama kupiga chapa bila kuangalia vidole. Kama mkiichapisha na kukatokea msomaji anayemtambua, mama yake, shangazi yake, bibi yake, namba yangu mnayo hapo ofisini, mpeni. Ninayo nakala yake safi ya kumpa.

Ni mimi msomaji wenu,
Mtoto wa mpiga chapa